Uliza Ujibiwe: Matawi ya Barabarani, Maranda na Mizabibu Iliyopogolewa

Toleo lililopita tuligusia mkaa mbadala, yaani tofali za chenga za mkaa zilizobanwa, kwa aya chache tu, na barua zikamiminika. Nyingi zimetoka Dodoma mjini, nyingine Kongwa, Hombolo na Singida. Tumechagua zenye maswali yanayowagusa wengi, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Majibu yameandaliwa na jopo letu la mafundi na wataalamu wa nishati.

Mtaani kwetu Ipagala wamepogoa mijohoro na miarobaini ya barabarani. Matawi yamelala kando ya mtaro, na watu wameanza kuyachoma moto hapo hapo. Je, hayana kazi nyingine? Na ni mali ya nani? (Mama mjasiriamali, Ipagala)

Kazi yanayo, mama, ila si yote kazi moja. Tuanze na mwenyewe: mti wa hifadhi ya barabara ni wa mamlaka, na tawi lake likidondoka haligeuki kuwa la aliyelikuta. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, eleza kwamba unataka kuyaondoa, upate ruhusa ya maandishi hata kama ni mistari miwili. Kwa kawaida hawakatai, maana gari la kuyasomba hadi dampo la Chidaya linakula mafuta.

Ukishapata ruhusa, tenganisha kwa unene. Kipande kinene kuliko mkono wa mtoto, yaani kuanzia sentimeta 5, ni kuni au mkaa wa kawaida. Vijiti vyembamba kuliko hapo havifai kuuzwa kama kuni kwa sababu vinaungua kwa dakika chache, lakini ndivyo vinavyogeuka mkaa upesi na kwa usawa, na chenga zake zinakuwa tofali za mkaa mbadala. Majani yapeleke kwenye mboji. Tunasisitiza hili la majani kwa sababu kila mwezi kuna mtu anayejaribu kuyafanya nishati: majani yana madini mengi kuliko mti wenyewe, hivyo unabaki na majivu mengi na moto hafifu.

Kata na pasua kabla ya kukausha. Gogo lenye ganda lake linatoa maji kupitia ncha mbili tu, na linaweza kukaa miezi likiwa bichi ndani. Panga kuni juu ya mawe au matofali zisiguse ardhi, mchwa wa huku hawana subira. Funika juu kwa bati, pembeni acha wazi upepo upite. Ukifunga turubai pande zote umefungia maji ndani, na baada ya wiki mbili utakuta ukungu. Kuanzia Mei hadi Novemba, vipande vilivyopasuliwa kwa unene wa sentimeta 8 au 10 vinahitaji miezi miwili hadi mitatu; vijiti vya unene wa kidole, wiki tatu au nne.

Kwa nini tunang'ang'ania ukavu? Kilo moja ya mti mkavu kabisa ina nishati ya megajuli 18 hivi. Mti uliokatwa leo, ambao nusu ya uzito wake ni maji, unakupa kama megajuli 8 tu kwa kilo, kwa sababu nusu ya mzigo haiungui na sehemu ya moto inatumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Ukinunua kuni mbichi kwa kilo, unanunua maji.

Kupima si kazi ngumu. Kata kipande katikati, chukua vipande vidogo kutoka kwenye moyo wa gogo hadi vifike gramu 1,000, viweke usiku mzima ndani ya tanuri la mikate lililobaki na joto, kisha pima tena. Vikirudi gramu 750, maji yalikuwa asilimia 25. Kuni nzuri ziwe chini ya asilimia 20.

Kuna miti miwili msiifanye kuni. Minyaa ya uzio utomvu wake ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, hivyo anayeikata avae miwani na glovu, na isiingie kwenye rundo la kuni. Oleanda, ule ua wa waridi au mweupe unaopandwa kwenye bustani na visiwa vya barabara, ni sumu kuanzia jani hadi tawi, na moshi wake pia. Usichomee nyama, usikolezee moto, usitengenezee mkaa.

Nina karakana ya samani Kizota. Maranda na vumbi la msumeno vinajaa magunia kila wiki. Nimetengeneza jiko la pumba kwa debe, lakini linatoa moshi mwingi na baada ya nusu saa pumba zinaporomoka, moto unakufa. (Fundi seremala)

Fundi, jiko hilo likishindiliwa vizuri linawaka saa nne hadi sita bila kuguswa. Likishindiliwa vibaya linakufa kama ulivyoeleza. Kasoro yako karibu hakika iko kwenye ushindiliaji au kwenye mchanganyiko.

Chukua debe au ndoo ya bati ya lita 20, si ya plastiki. Pembeni, sentimeta 2 kutoka chini, toboa tundu la upana wa sentimeta 6. Simamisha katikati bomba au chupa ndefu yenye unene wa sentimeta 6, na kutoka kwenye tundu la pembeni ingiza kipande kingine cha bomba kilale hadi kiguse kile cha katikati. Mwaga pumba kiasi cha sentimeta 5, shindilia kwa mchi hadi zisididimie tena chini ya uzito wako, ongeza tabaka jingine, shindilia. Hapo ndipo wengi wanapovunja mambo: wanajaza debe lote kisha wanakandamiza juu tu. Juu panakuwa pagumu, chini kuna mapengo, na moto ukifika chini ukuta unaanguka.

Debe likijaa, zungusha mabomba taratibu ukiyavuta. Kwanza lile la pembeni, kisha la katikati. Ubaki na njia ya hewa yenye umbo la herufi L, kuta zake laini. Ukiona ufa, bomoa upange upya; ufa unaingiza moto ndani ya pumba na ndio unaozaa moshi.

Sasa mchanganyiko. Maranda marefu ya randa yanaruka na kuacha nafasi. Weka sehemu moja ya maranda kwa sehemu tatu za vumbi la msumeno. Vumbi likiwa kavu mno halishikani; linyunyizie maji kidogo sana, likamatie kwenye ngumi likae kama donge lakini lisilowanishe kiganja. Ukizidisha maji utaona moshi mweupe saa nzima.

Kuwasha: ingiza vijiti vikavu kupitia tundu la pembeni hadi chini ya shimo la katikati, washa hapo. Usimimine mafuta ya taa juu, kwani yanawasha uso wa juu na kuacha shimo bila moto, moshi wote unatoka bila kuungua. Sufuria ikae juu ya vipande vitatu vya nondo, iache sentimeta 2 au 3 za kupitishia hewa ya moto. Sufuria ikilala moja kwa moja kwenye mdomo wa debe, jiko linakosa pumzi. Kupunguza moto, sogeza kipande cha bati kwenye tundu la pembeni, usilizibe lote.

Jiko hili halijazwi likiwa linawaka. Wanaopika chakula cha biashara huwa na madebe mawili: moja linawaka, jingine limeshindiliwa tayari. Liwe nje au chini ya banda lililo wazi. Na tafadhali, vumbi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) na la mbao zenye dawa au vanishi lisichanganywe humo. Lichagueni pale pale kwenye mashine, maana likishachanganyika hakuna wa kulitenganisha.

Nataka kugeuza vijiti kuwa mkaa kwa pipa. Nimeona watu wanatoboa chini, wengine hawatoboi. Ipi sahihi? (Kijana, Nkuhungu)

Zote zinafanya kazi, ila kwa vijiti vyembamba tunakushauri usitoboe. Pipa la lita 200, kata mfuniko wa juu uutunze. Washa moto mdogo wa vijiti vikavu chini kabisa, uache uwake vizuri hadi mwali ufike katikati ya pipa. Ongeza vijiti kwa tabaka jembamba. Subiri tabaka hilo lianze kuvaa majivu meupe kwa juu, ongeza jingine. Hewa inaingia kutoka juu peke yake, na mwali wa juu unaila hewa hiyo kabla haijafika kwenye makaa ya chini, ndiyo maana ya chini hayageuki majivu. Mwali huo huo unachoma moshi. Moshi mwingi ukitoka umeongeza vijiti vingi kwa mpigo au ni vibichi, ngoja. Majivu meupe yakiwa manene umechelewa, unapoteza mkaa.

Baada ya saa moja na nusu au mbili pipa litajaa. Hapo wengi huzima kwa maji, lakini kwa mji wenye shida ya maji hakuna haja. Weka mfuniko, ziba ukingo wote kwa udongo uliolowana, rudi baada ya saa 24. Ukiona kamstari ka moshi kwenye ukingo, pana tundu, ziba. Vijiti vikavu vya kilo 70 hivi vikutoe mkaa wa kilo 12 hadi 15. Ukipata 8, hewa iliingia.

Mkaa uliofunguliwa leo usiuweke stoo leo. Mkaa mpya ukikutana na hewa unapata joto wenyewe, na chenga zilizorundikwa zinaweza kuwaka usiku watu wamelala. Utandaze nje, mbali na nyasi, siku nzima.

Sisi ni kikundi cha akina mama Chang'ombe. Tunatengeneza mkaa mbadala kwa chenga za sokoni na uji wa muhogo. Wateja wanalalamika: unavunjika njiani, unachelewa kuwaka, unaacha jivu kubwa lenye umbo la tofali, na mara nyingine unatoa moshi. Tumekosea wapi?

Akina mama, hizo ni kasoro nne na kila moja ina mzizi wake.

Jivu kubwa linatokana na mchanga. Chenga zinazofagiwa chini ya magunia ya mkaa huja na udongo wa sakafuni, na udongo hauungui. Jaribuni hivi: tupieni konzi moja ya chenga kwenye ndoo ya maji, koroga, acheni dakika mbili. Mkaa mwingi utaelea, mchanga utazama. Kinachozama kikijaza theluthi ya konzi, msinunue chenga hizo hata kwa bei ya bure. Mwambieni muuzaji mkaa atandike turubai chini ya magunia, mlipie kidogo zaidi. Mkitumia udongo wa kichuguu kama kiunganishi, nao ni jivu tupu: hadi asilimia 10 ya uzito wa chenga si vibaya, unafanya moto ukae, lakini kuna vikundi vinaweka hadi robo kisha vinashangaa maji hayachemki.

Moshi una chanzo kingine. Ama chenga hazikuiva, au tofali halijakauka, au uji umezidi. Chenga zilizoiva ni nyeusi tii, ukizisugua kati ya vidole zinaoshwa na maji matupu. Zisizoiva zina wekundu wa kahawia na zinaacha mnato. Hizo rudisheni kwenye pipa.

Kuvunjika ni suala la uji na ushindiliaji. Kipimo cha kuanzia: chenga kilo 20 zilizochekechwa kwa wavu wa dirisha, unga wa muhogo kilo 1, maji lita 12 kwa jumla. Koroga unga kwenye lita 3 za maji baridi usiwe na mabonge, chemsha lita 9 zilizobaki, mimina huku ukikoroga. Uji uwe umebadilika kutoka weupe wa maziwa hadi ung'avu na kuvutika kwenye mwiko. Uji usioiva haunati, hata mkiongeza unga mara mbili. Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza pesa: wanaona tofali linavunjika, wanaongeza unga, moshi unaongezeka, na kumbe kosa lilikuwa dakika tano za kuchemsha. Changanyeni uji ukiwa bado moto, kwa koleo, hadi kila punje ya mkaa ing'ae.

Kisha jaribio la ngumi. Finya konzi: maji yakichuruzika kati ya vidole, yamezidi. Donge liachie kutoka kiunoni lidondoke chini; likivunjika vipande viwili au vitatu, mchanganyiko uko sawa. Likisambaratika, ongeza uji kidogo. Chenga za mijohoro na zile za mkaa wa miombo hazinywi maji sawa, kwa hiyo jaribio hili lifanyeni kila mnapobadilisha gunia.

Kuhusu kukausha, upepo wa Dodoma ni neema na ni balaa. Tofali bichi likiwekwa juani saa sita mchana, ganda la nje linakauka na kusinyaa kabla ya ndani, linapasuka. Siku ya kwanza liwe kivulini juu ya wavu, siku tatu au nne zinazofuata juani, mligeuze. Pimeni matofali matano yale yale kila jioni: uzito ukibaki ule ule siku mbili mfululizo, yamekauka. Mwisho dondosheni moja kutoka kimo cha mita moja kwenye sakafu ya saruji. Likikatika vipande viwili linavumilia bodaboda. Likirudi kuwa chenga, rudini kwenye uji. Desemba hadi Aprili kausheni chini ya bati la kupitisha mwanga, la sivyo ukungu utakula wanga wa muhogo.

Kuchelewa kuwaka hakuna dawa kamili, mkaa uliobanwa ndivyo ulivyo. Lakini kalibu inayoacha tundu la sentimeta 1.5 katikati ya tofali inasaidia sana, kwa kuwa hewa inapita ndani. Mwelekezeni mteja awashe kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini, tofali juu, na asilivunjevunje kwa koleo likishakolea.

Msiuze kwa maneno. Chemsheni lita 5 za maji mbele ya mteja, mara moja kwa nusu kilo ya mkaa wake, mara moja kwa nusu kilo ya wenu, jiko lile lile na sufuria ile ile.

Shamba langu la zabibu liko Hombolo. Kila nikipogoa napata marundo ya matawi na kuyachoma shambani. Naweza kuyauza kama nishati?

Unaweza, na Dodoma mnapogoa mara mbili kwa mwaka, hivyo mzigo haukauki. Tawi la mzabibu la unene wa kidole likikauka wiki tatu linawaka kwa mwali mkali na wa haraka. Linafaa tanuri la mikate, kuwashia moto, na kutengeneza mkaa wa pipa kama tulivyomweleza kijana wa Nkuhungu. Kwa makande halifai. Utakesha ukilisha jiko.

Kabla ya kufunga mizigo, ng'oa kamba za plastiki na vipande vya waya. Matawi yenye ugonjwa wa ubwiri unga yaondoke shambani kwanza, yasingoje kukauka katikati ya mistari. Ukipulizia dawa za shaba, jua kwamba shaba haiungui: inabaki kwenye majivu. Majivu hayo yasirudi kwenye bustani ya mchicha kila msimu.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa kuni hawatakwambia. Udongo wa kichanga wa huko una njaa ya mabaki ya mimea. Ukiondoa kila kijiti, kila msimu, utakilipia kwenye samadi. Sisi tungechukua vile vinene, vyembamba tukavikatakata na kuviacha shinani.

Makapi ya zabibu yanayotoka kwenye viwanda vya mvinyo ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji na yanachacha upesi. Yapeleke kwenye mboji, tusizunguke.

Maeneo ya ujenzi Ihumwa na Mtumba yana mbao chakavu za kumiminia zege, mirunda, marini (plaiwudi ya ujenzi) na vipande vya mbao za paa. Mama lishe wanazigombania. Zina madhara?

Zinatofautiana. Mirunda na mbao nyeupe zisizo na dawa ni kuni nzuri, tena kavu. Gonga saruji itoke na ng'oa misumari. Kama zinakwenda kwenye mashine ya kusaga, pitisha sumaku, kwa sababu msumari mmoja unatosha kuvunja kisu.

Mbao za paa zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa dawa. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Zikiungua, sehemu ya aseniki inapaa na moshi, na iliyobaki inakaa kwenye majivu kwa wingi wa kudhuru mtoto au mbuzi atakayeyalamba. Nguzo za umeme ni vivyo hivyo, na zile nyeusi zimelowekwa kriosoti, dawa inayotokana na lami. Hizi hazifai jiko, hazifai pipa la mkaa, hazifai hata kuota moto. Marini na MDF zina gundi ambayo moshi wake unachoma macho na koo. Marini yenye ngozi nyekundu au ya kahawia ya plastiki ndiyo mbaya zaidi. Msimamizi wa eneo la ujenzi akitaka kusaidia, aweke mafungu mawili tangu siku ya kwanza, na fungu la mbao zenye dawa asilifungulie geti.

Nina mtambo wa bayogesi wa samadi. Naweza kuongeza majani makavu na maranda? (Mfugaji, Veyula)

Usiongeze. Bakteria wa bayogesi hawawezi kula sehemu ngumu ya mti. Maranda yataelea, yatajenga utando mgumu juu, na gesi itakosa njia. Mabaki ya soko kama kabichi, nyanya na maganda ya ndizi yanakubalika, yakikatwa vidogo, kwa sehemu moja ya mabaki na tatu za samadi mwanzoni. Matunda mengi kwa mpigo yanaufanya mtambo uchachuke: gesi inatoka lakini haishiki moto. Pima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kiwango cha uchachu kwa namba. Ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha siku kadhaa, kisha anza tena kwa samadi peke yake.

Nimeshawishiwa kununua mashine ya parafujo inayobana pumba bila gundi. Hapa Singida maganda ya alizeti yamejaa. Inalipa?

Muulize anayekuuzia maswali haya kwanza. Mashine hiyo hupasha moto kalibu hadi karibu nyuzijoto 280, na ni joto hilo linalolainisha utomvu mgumu wa mmea wenyewe ukawa gundi. Kwa hiyo inataka malighafi yenye maji asilimia 8 hadi 12, si zaidi. Ikizidi hapo mvuke unanaswa ndani na tofali linapasuka kwa kishindo mdomoni mwa mashine. Maganda ya alizeti yanayotoka kinuni yakiwa makavu yanafaa. Yaliyonyeshewa nyuma ya kinu hayafai hadi yaanikwe.

Mota yake ni ya kilowati 15 hadi 22, ina maana umeme wa njia tatu. Je, upo? Parafujo yenyewe inasagika. Baada ya saa kadhaa za kazi makali ya mbele yanalika na lazima yajazwe kwa kuchomelea waya mgumu, na pumba za mpunga zinaila haraka kuliko zote kwa sababu ya silika yake, madini magumu kama mchanga. Dai parafujo tatu za akiba, na fundi wa karibu aone ile ya kwanza kabla hujalipa. Kwa umeme wa kukatika-katika, kumbuka kalibu ikipoa na pumba ndani utazitoa kwa nyundo.

Kama majibu yote ni mazuri, inalipa. Kama anayeuza hajui kiwango cha maji, mwache.

Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya 400. Tunaweza kuacha kuni na kuhamia mkaa mbadala? (Mwalimu, Kongwa)

Mwalimu, serikali iliweka tarehe 31 Januari 2024 kuwa mwisho wa kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya kununua majiko, pata maelekezo ya afisa mazingira wa halmashauri kuhusu aina ya mkaa mbadala mnaotaka kutumia, yawe kwenye faili.

Kwa hesabu ya jikoni: kama mnatumia kuni kavu kilo 150 kwa siku zenye megajuli 15 kwa kilo, na tofali zenu zina megajuli 20, mtahitaji kama kilo 112 kwa jiko lenye ufanisi ule ule. Msitie tofali kwenye jiko la kuni lisilo na wavu wa chini. Zitazimika kwa kukosa hewa. Wavu uwe na nafasi ya sentimeta 10 chini yake ya kukusanyia majivu, na mpishi ayatoe kila baada ya awamu ya kupika. Na maharage yalowekwe usiku: hakuna jiko linalookoa nishati kuliko ndoo ya maji.

Jiko la mkaa, wa aina yoyote, lisiingizwe bwenini au kwenye chumba cha mlinzi usiku wa baridi ya Juni. Gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi haina harufu na haina moshi, na mkaa unaowaka vizuri bila moshi bado unaitoa.

Kwa kifupi: tunaweza kuzalisha umeme kwa matawi ya mji?

Kwa kiwanda, ndiyo. Kampuni ya TANWAT kule Njombe ina mtambo wa karibu megawati 2.5 unaochoma mabaki ya miti ya mashamba yake na kuendesha turbini ya mvuke. Kwa mtaa, mtambo mdogo wa kugeuza mti kuwa gesi ya kuendeshea jenereta unahitaji vipande vya sentimeta 2 hadi 5, maji chini ya asilimia 20, na kama kilo 1.3 kwa kila uniti ya umeme. Kinachoua mitambo hii ni lami inayosafiri na gesi na kugandisha vali za injini. Bila mtu aliyeajiriwa kusafisha chujio kila siku, itasimama ndani ya miezi. Matawi ya mji wetu, yaliyochanganyika unene na yasiyokauka sawa, yana faida zaidi jikoni.

Majivu tuyafanyeje?

Yakipoa kabisa, siku mbili kwenye debe la bati lenye mfuniko, majivu ya kuni safi yanafaa kunyunyizwa kwenye mboji, konzi moja kwa ndoo. Pima udongo kwanza: baadhi ya sehemu za Dodoma zina magadi tayari, na majivu yanauongezea. Majivu yaliyopita kwenye mbao zenye dawa yasimwagwe shambani wala kisimani. Yafungeni kwenye kiroba kilichoandikwa na myakabidhi kwa watu wa usafi wa jiji mkiwaambia yametoka wapi.